Kinu cha Kahawa, Gitaa Jekundu na Wimbo wa Tata

Vijana wangu wa kinuni,

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na maneno mazuri ambayo nusu yake sikuyasikia. Baadaye mkuu wa zamu alinishika bega akaniomba niandike yale niliyojifunza, ili ninyi mnaobaki na mashine msianze upya. Sasa nina miezi miwili hapa nyumbani Isingiro. Kibanja kimepaliliwa, mibuni imepogolewa, kisingizio sina. Nitaandika, ila nawaonya mapema kwamba gitaa litaingia humu, tena litaingia sana, maana kwangu mimi kinu na gitaa vilikwenda pamoja, na kimoja nusura kininyang'anye kingine. Anayetaka habari za vyeo akaulize ofisini, wana mafaili.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Rwekaza, fundi mkuu wa wakati huo, mtu aliyetumia maneno kwa ubahili. Nilidhani atanipa spana. Akanipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akanipeleka hadi kwenye mashine ya kukobolea, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini kwenye sikio langu.

"Unasikia nini?"

"Kelele, mzee."

"Basi rudi kesho."

Nilirudi kesho, na kesho kutwa. Siku ya nne nikaanza kutenganisha. Beringi ya kushoto ilikuwa na mvumo mmoja usiokatika, ya kulia ilikuwa na kikohozi kidogo kila baada ya mizunguko kadhaa. Nilipomwambia, akaifungua. Ndani kulikuwa na punje moja ya chuma iliyopasuka. Hakunisifu, ila mchana alinigawia ndizi zake na maharage, na kwa Mzee Rwekaza hiyo ilikuwa hotuba.

Mimi nilizaliwa na masikio hayo, au nilirithishwa. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mpiga enanga. Kwa wale mliotoka mbali, enanga ni ubao mrefu uliochongwa kama hori, na uzi mmoja unapitishwa juu yake, unakwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi nane. Jumapili baada ya misa alikaa barazani, enanga mapajani, akaimba. Nyimbo nyingi zilikuwa za watu wote. Mmoja ulikuwa wake, aliutunga mwenyewe, wa ng'ombe aliyepotea kwenye vilima vya upande wa Karagwe. Nilikuwa na miaka kumi alipofariki. Mwaka uliofuata mchwa waliila enanga pale ukutani, hatukugundua hadi ilipovunjika ikiwa mkononi mwa mama. Hakuna aliyewahi kuurekodi ule wimbo. Uliobaki ulikuwa kichwani mwangu, na labda kichwani mwa dada yangu Paskazia, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa na alishaolewa Nyakatuntu.

Nikawa naubeba tu. Nikiwa na bisibisi sikioni, mara nyingi beringi ilinipeleka barazani kwa Tata, nikasahau nilichokuja kukagua. Mzee Rwekaza alinigonga begani mara nyingi kwa sababu hiyo.

Mwaka wangu wa pili, kwaya ya Kaisho ilialikwa parokiani kwetu kwenye shukrani ya mavuno. Sikwenda kwa ajili ya kwaya, nilikwenda kwa kuwa mke wangu Imelda alisema twende. Katikati ya wimbo wa matoleo, gitaa la solo likatoka peke yake. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha katika nyumba aliyodhani haina dirisha. Nikasogea mbele nimwone mpigaji, na mpigaji alikuwa Melkiadi, mshona magunia wa kinuni kwetu, ambaye nilimpita kila asubuhi kwa mwaka mzima bila kumwambia zaidi ya habari za leo.

Familia ya Melkiadi ilitoka Burundi enzi za babu yake, wakalima vibarua mpaka wakapata kibanja. Alikuwa mtu mpole mwenye vidole virefu, na sindano ya gunia ilikuwa imemtia sugu ambazo baadaye nilimwonea wivu. Jumatatu nikamfuata stoo.

"Nifundishe gitaa."

Akaendelea kushona. "Unalo?"

"Sina."

"Basi tuanze na kucha. Zikate, za mkono wa kushoto. Halafu usije kwangu na haraka ya kinu."

Nilipotumwa Bukoba kufuata mikanda ya mashine, nikarudi na mikanda na gitaa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwahi kununua gitaa la umeme. Mimi nililichagua kwa rangi. Lilikuwa jekundu kama buni iliyoiva vizuri, na mtu wa kahawa akiona wekundu ule anaamini mengine yote yako sawa. Melkiadi hata hakuitazama rangi. Alilinyanyua usawa wa jicho akachungulia kufuata shingo, kama seremala anavyochagua kenchi.

"Shingo imepinda kidogo," akasema. "Lakini na wewe umepinda. Mtaelewana."

Ndipo akanifundisha ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya safari. Chungulia shingo kutoka pande zote mbili. Bonyeza uzi pale mwanzoni na pale mwishoni uone umeinuka kiasi gani katikati, maana nyuzi zikikaa juu mno utaumia vidole na utaacha ndani ya mwezi. Zungusha vile vishikizo vya kukazia nyuzi, vikilegea gitaa halitakaa kwenye tyuni hata wimbo mmoja. Zungusha vitufe vya sauti, vikikwaruza kuna vumbi au kutu ndani. Tikisa tundu la waya. Rangi iangalie mwisho, ukiwa umeshalipa. Na ukitoka kumenya ndizi, nawa mikono kwa mafuta na sabuni kabla ya kushika nyuzi, maana utomvu ukikauka juu yake hautoki tena.

Masika yakaja. Gitaa likaanza kulialia, nyuzi zikagusa vyuma vya shingoni, kila noti ikawa na nyuki ndani. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kahawa ya maganda peke yake angeweza kulifanya. Melkiadi alikuwa kwao kwenye msiba, na mimi nilijiuliza mwenyewe: mbao imenyonya unyevu, sasa unyevu dawa yake nini? Kwetu kinuni jibu ni moja. Nikalitoa gitaa nje, nikalianika juu ya meza ya wavu pamoja na kahawa yangu. Nikaligeuza kila baada ya muda, tumbo juu, mgongo juu, kwa uaminifu. Siku ya pili hata niliazima kipima unyevu, nikawa natafuta pa kukichomekea. Siku ya tatu mchana nikasikia mlio mkavu. Ubao wa juu ya shingo ulikuwa umebanduka kutoka kwenye shingo yenyewe, toka mwanzo mpaka katikati.

Imelda alikuja na reki yake, akalitazama kwa muda.

"Sasa umelikoboa kabisa," akasema, akaendelea kugeuza kahawa.

Tulilibandika kwa gundi ya seremala na vibanio vya karakana. Melkiadi aliporudi alicheka mpaka akakaa chini juu ya magunia, kisha akanionyesha kwamba ndani ya shingo kuna chuma, na kuna kifunguo kidogo cha pembe sita cha kukikaza na kukilegeza. Robo mzunguko ingetosha. Vijana, kabla hujaanika kitu, uliza kama kina skrubu.

Kuhusu amplifaya sitawachosha. Ya kwanza ilikuwa redio ya zamani niliyoichokonoa mwenyewe, ikavuma kuliko kinu. Ya pili ilikuwa ya kwaya ya kigango chetu, niliyokuwa nimejiunga nayo, nayo ilitegemea jenereta lisilo na waya wa ardhini. Siku moja nimeshika nyuzi, mdomo ukagusa maikrofoni, umeme ukapita katikati yangu, nikatamka neno ambalo halimo katika misale. Wiki hiyo hiyo tulipigilia nondo ardhini nyuma ya kigango, tukaimwagia maji, tukafunga waya. Tangu hapo sijaunganisha kitu chochote, kiwe gitaa au mota, kabla ya kuona kwa macho yangu waya wa ardhini umekwenda wapi. Hilo naomba mlishike. Ya tatu nilinunua mwenyewe, ndogo, ya betri, yenye sauti safi isiyo na mbwembwe, na hiyo inatosha kabisa kwa mtu anayepiga kwa kupenda.

Miaka iliyofuata nikiitazama sasa naiona kama mchana mmoja mrefu. Saa ya chakula kinu kinazimwa, ukimya unashuka, vumbi la maganda linaelea kwenye mwanga unaopita juu ya bati. Melkiadi amelala chali juu ya magunia, kofia usoni. Mimi nimeegemea kahawa ya Kaisho, gitaa bila waya wowote limelala kifuani, na sauti yake ndogo naipata kwa mbavu zaidi kuliko kwa masikio. Harufu ya magunia, joto la bati, na ule wimbo wa Tata unakuja kipande kwa kipande. Nikipata noti tatu kwa wiki niliona nimevuna. Nilikuwa na furaha, na nililijua hilo wakati ule ule, jambo ambalo si kawaida.

Melkiadi alinifundisha kwenda juu. "Solo inakaa juu, fundi. Huko ndiko watu wanakosikia." Kwa hiyo wimbo wa Tata niliujenga juu, kwenye nyuzi nyembamba, karibu na mwili wa gitaa. Mwisho wake, pale ng'ombe anapoitwa kwa jina, ulikuwa juu kabisa, na nilidhani ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote. Sikumpelekea dada Paskazia ausikie. Nilitaka kwanza ukamilike. Hicho kilikuwa kiburi, na kilinichukua miaka.

Sasa nieleze habari ya masikio. Mzee Rwekaza alinipa vifuniko vya masikio wiki ya kwanza. Nilivivaa shingoni, kama mapambo. Ningewezaje kusikia beringi nikiwa nimeziba? Alinikemea, akachoka, akastaafu. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa katika kufa kweli kweli. Kwanza walipotea nyenje. Niliamini wamehama, nikawalaumu watu wa dawa za mibuni, nikamfokea hata bwana shamba. Kisha sauti za watoto zikawa zinaishia katikati. Bila kujua, nikawa naitazama midomo watu wanaposema.

Melkiadi ndiye aliyeniambia. Ilikuwa Pasaka, mimi napiga solo kigangoni. Niliona gitaa limefifia, nikaongeza kitufe cha sauti kali. Bado. Nikaongeza mpaka mwisho. Niliona akina mama wa mbele wanaziba masikio kwa vitenge, mzee mmoja ameinamisha kichwa. Nikafikiri wameguswa. Mimi nikazidi. Tulipomaliza, Melkiadi alinivuta pembeni, akasimama mbele yangu nimwone uso.

"Fundi, ile ilikuwa inachoma kama msumari. Hukusikia?"

"Ilikuwa chini."

Alinitazama tu, na kwa huruma ile nikajua.

Hospitalini daktari, binti mdogo mwenye subira, alinivisha vifaa vya masikioni akanipa kitufe. Nikisikia mlio nibonyeze. Nilibonyeza mara chache, kisha nikakaa nikisubiri aendelee. Akanivua. Nikamwuliza tunaanza lini sehemu ya pili, akasema tumeshaimaliza. Sauti za chini ninazo, alisema. Za juu zimekwenda na hazirudi.

Nyumbani nililichomeka gitaa, nikaupiga wimbo wa Tata. Mwanzo niliusikia. Katikati ukaanza kukonda. Mwisho, pale ng'ombe anapoitwa, nilisikia vidole vyangu tu vikigonga mbao. Niliogopa, vijana. Sijawahi kuogopa mashine yoyote namna ile. Mtasema si ningeurekodi kwa simu. Niliurekodi. Lakini ningejuaje nilichorekodi? Kama uzi umeteleza, kama kidole kimekosea, kama mwisho wote nimeupotosha, nani angeniambia? Melkiadi alikuwa ameshahamia Ngara kwa binti yake, na hata angekuwepo, hakuwahi kumsikia Tata. Wimbo ulikuwa unafia mikononi mwangu huku nikiupiga.

Kwa hiyo vaeni vifuniko, na mvivae masikioni. Beringi mbovu utaijua kwa joto, weka kiganja. Kama ni lazima usikilize, sikiliza dakika moja kisha uzibe tena. Kazi haitawarudishia kitu mlichokiacha ndani yake, na wala haina kosa, ni chuma tu.

Miaka minne nilikaa na hofu hiyo bila kwenda Nyakatuntu. Nilikuwa na sababu nyingi, zamu, msimu, mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa dada atasema sivyo. Wiki mbili baada ya kustaafu, sababu zikaniishia. Nikapanda bodaboda, gitaa mgongoni, ile amplifaya ndogo kwenye kikapu pamoja na sukari na sabuni.

Nilimkuta barazani anapukuchua maharage. Dada Paskazia sasa ni bibi kizee, ameota ndevu mbili kidevuni, na sauti yake imeshuka siku hizi mpaka ukimsikia ukiwa nje ya ua utafikiri ni mwanamume.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Umebeba nini hicho mgongoni, mwiko?"

Tuliulizana habari za nyumbani, mimi macho mdomoni mwake. Akaniletea uji. Kisha nikasema nina kitu nataka akisikilize, na kama si sahihi aniambie bila kunihurumia. Nikakaa kwenye kigoda, nikaupiga wote, mwanzo hadi mwisho, na ule mwisho niliupiga kwa kukumbuka vidole. Yeye aliendelea na maharage. Nilipoanza kwenda juu alisimamisha mikono. Nilipomaliza alikuwa amekunja uso.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni wimbo wa Tata. Wa ng'ombe."

"Tata yupi?"

"Tata wetu, dada."

Akauweka ungo chini. Midomo yake ikacheza kidogo, kama anayeufuata wimbo. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Sasa nimekuelewa," akasema. "Tata alikuwa anaimba kutoka huku chini." Akajigonga kifuani. "Wewe ndiye uliyekuwa unamfuata kwa nyuma, unapiga kelele kama kifaranga. Kila Jumapili. Mama alikuwa anakufukuza uende kwa mbuzi, Tata anasema mwache. Hiyo uliyopiga siyo sauti yake. Ni yako wewe, ulipokuwa mtoto."

Nikamwambia siwezi kuusikia mwisho wake tena. Nikamweleza kinu, vifuniko, daktari, yote. Sikuwa nimemwambia mtu mambo hayo kwa mpangilio ule, hata Imelda.

"Mwisho upi? Ule wa kumwita ng'ombe?" Akajisogeza mbele ya mkeka. "Tata hakuwahi kumwita kwa kupiga kelele. Ng'ombe unamwita hivi."

Akaimba. Nilirudisha mkono nyuma, kule kwenye nyuzi nene ambazo nilizitumia kwa ridhim tu, nikamtafuta. Noti ya kwanza nikaikosa, ya pili nikaipata. Aliimba jina la ng'ombe, akalirudia, na kulikuwa na beti mbili ambazo sikuwahi kuzijua, za mto na za majani ya upande wa pili, akanisubiri kila nilipochelewa. Nilifumba macho ili nisikosee. Mvumo ulipanda kwenye mbao ukaingia kifuani, lakini haukuishia kifuani. Niliusikia. Noti kwa noti, mpaka ya mwisho, nilimsikia dada na nilijisikia mwenyewe, na Tata alikuwa pale pale alipokuwa siku zote, chini, ambako mimi sikuwahi kumtafuta.

Tuliurudia mara tatu. Kisha nikalilaza gitaa mapajani.

"Dada, nimesikia."

"Najua," akasema, akivuta ungo wake. "Umeacha kunitazama mdomo."